Usizipumzishe hizo dawa eti kwa sababu ya sikukuu

Hapana mkuu. Hapana hapana hapana. Nilivyosoma swali lako mara ya kwanza nilidhani macho yangu yananidanganya, ikabidi nirudi juu nisome tena. Umeuliza mambo matatu: utakaaje na ndugu wanaokuhoji maisha yako kila mwisho wa mwaka, utabanaje matumizi ya zawadi bila kuonekana bahili, afu mwishoni kabisa, mstari mmoja tu, ukachomekea kwamba dawa ulizoandikiwa za wasiwasi unafikiria "kuzipumzisha kidogo" kuanzia Krismasi mpaka Mwaka Mpya ili unywe na wenzako uchangamke, utaziendeleza Januari. Na wachangiaji wote hapo juu wamejibu zawadi na ndugu! Hakuna hata mmoja aliyeugusa ule mstari. Kweli jamani?

Mi nilizipumzisha. Tena kwa sababu hizo hizo zako, neno kwa neno, ndo maana sina hata salamu leo.

Wazo alinipa binamu yangu. Kila ukoo una mjuaji wake na wa kwetu ni huyu, aliwahi kupelekwa mafunzo ya huduma ya kwanza kazini kwao na tangu siku hiyo ni profesa wa dawa zote duniani. Akaniambia hizi za stresi si antibayotiki, hazina cha kumaliza dozi, ukijisikia poa unaacha, mwili unapumua, ukihitaji unarudi. Na akamalizia na ile kauli iliyoniua: "Kwani we sa hivi unaumwa nini? Mbona uko sawa kabisa." Na ni kweli nilikuwa sawa kabisa! Nilikuwa sawa kwa sababu nilikuwa nameza kila asubuhi, lakini hiyo sehemu ya hesabu hatukuifanya, si yeye wala mimi mwenye digrii.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu, nikajiona mjanja, nikamtumia binamu meseji ya kumshukuru (naomba Mungu awe ameifuta). Baada ya hapo ndo mambo yakaanza na hayakuanza na huzuni wala wasiwasi kama nilivyotegemea, yalianza na shingo. Tuko mezani watu wamejaa, mtu ananiita upande wa kushoto, nageuza macho kumwangalia, napigwa shoti ndani ya kichwa. Fupi, bzzt, afu chumba kinachelewa kidogo kufika pale macho yalipo. Nikadhani ni usingizi. Nikageuka tena, bzzt. Ikafika mahali nakaa nimekaza shingo nageuza mwili mzima kumjibu mtu, mama mkwe akamuuliza mke wangu kama nimeanza kujisikia siku hizi maana nageuka kama rais anayepokea gwaride.

Kumbe ni kitu kinachojulikana kabisa, wanaoacha dawa hizi ghafla wengi wanakielezea hivyo hivyo, na kinachochewa sana na kuzungusha macho. Pamoja na kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, ndoto za ajabu, machozi ya karibu, na hasira. Hasira ndo iliyonigharimu.

Dada yangu alichomoa simu yangu kwenye chaja akachomeka yake. Basi. Hilo ndo kosa lote, na simu yangu ilikuwa imeshajaa. Nilimrukia kwa maneno mbele ya watoto wake, nikaanza na chaja nikaenda kwenye mambo ya mirathi, nikafukua vitu ambavyo hata marehemu mzee wetu alikufa akijua tumeshavizika, sauti naisikia inatoka kinywani kwangu na siwezi kuifunga, mtoto wake mdogo anamshika mama yake nguo, na mi naendelea tu. Afu nikaenda kujifungia chooni nikalia mpaka kwikwi. Dada aliondoka jioni ile ile na watoto wake. Mwaka uliofuata karibu wote alikuwa anapokea simu za kila mtu isipokuwa yangu, na sikukuu iliyofuata hakuja, akasema ana kazi. Hana kazi ya sikukuu dada yangu, ni mwalimu.

Kwa hiyo ukiniuliza gharama, si zawadi wala nauli, ni hiyo.

Na binamu alikuwepo! Amekaa pale pale anaangalia. Unajua alisema nini kesho yake? "Unaona sasa, hizo dawa zilishakufanya teja." Yule yule! Hajawahi kuomba radhi mpaka leo, na kwenye kundi la familia bado anatuma klipu za kuondoa sumu mwilini.

Sasa nisikilize, mi si dokta lakini haya nimeambiwa na dokta nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa hiyo niliyashika vizuri. Uteja ni mwili kutamani kitu na kutaka kiongezeke kila siku, hizi dawa za wasiwasi na huzuni za kumeza kila siku, kundi la sertraline, paroxetine na wenzake, hazikufanyi hivyo. Ila ubongo unakuwa umeshajipanga kuishi nazo, ukizitoa ghafla unayumba mpaka ujipange upya. Na huko kuyumba si ugonjwa kurudi. Ugonjwa ukirudi huwa unanyemelea, wiki kadhaa hata miezi. Kinachokuja ndani ya siku mbili tatu, na shoti na kizunguzungu juu, mara nyingi ni mwili unadai dawa uliyoikatisha. Watu wengi hawajui tofauti hiyo ndo maana wanahukumiwa mezani kama mimi.

Afu usije ukaambiwa ni kamafua ka siku mbili. Hata wataalamu walishatuponza hapo. Uingereza chombo chao cha miongozo ya tiba, NICE, kwa miaka kiliandika kwamba dalili za kuacha huwa nyepesi na zinaisha zenyewe ndani ya wiki moja hivi, mpaka 2019 ndo wakarekebisha wakakubali kwamba kwa wengine zinakuwa kali na zinadumu zaidi. Inategemea pia ni dawa gani. Venlafaxine, nayo ni ya wasiwasi na huzuni, inaisha mwilini haraka sana, ukiruka dozi moja tu wengine wanaisikia. Fluoxetine inakaa muda mrefu. Na kama zako ni zile za kutuliza za kundi la diazepam au alprazolam na umezitumia kwa muda, hapo ndo kabisa, kuzikata ghafla kunaweza kukuletea degedege, mtu mzima unaanguka mbele ya wageni. Hukusema zako ni zipi na hilo limenitisha zaidi.

Na huo mpango wa kuacha ili unywe haufanyi kazi hata kidogo. Sertraline kwa mfano nusu yake inatoka mwilini kwa kama siku moja, nusu ya iliyobaki siku inayofuata, kwa hiyo ukiacha leo ukanywa kesho bado unainywea juu yake. Za kutuliza ukichanganya na pombe zinalaza hadi pumzi. Na pombe yenyewe we unaitaka ya nini? Wasiwasi? Inakupa saa mbili za ucheshi, inakulaza chap, afu saa tisa usiku macho kodoo, moyo unadunda, kesho yake wasiwasi umerudi na riba. Mi nilikunywa siku mbili za kwanza kabla shoti hazijaanza na sikumbuki hata kama nilifurahi.

Halafu kurudi. Hii hakuna anayekuambia. Unadhani utameza Januari moja na Januari mbili uko sawa? Hizi dawa zinachukua wiki mbili mpaka nne kuanza kufanya kazi ya maana, wengine zaidi. Dokta hakunirudisha kwenye dozi yangu moja kwa moja, akanianzishia ndogo tukapanda taratibu. Kwa hiyo wenzangu wanarudi kazini na nguvu mpya mi nimekaa kitandani na cheti cha ruhusa nasubiri kidonge kiamke. Kwa ajili ya bia.

Najua utasema lakini sikukuu si ya kuwa na stresi, watu wanafurahi, kwa nini mi nimeze dawa. Nani kasema? Kuna orodha maarufu ya Holmes na Rahe, madaktari wa akili wa Marekani, waliitoa 1967, matukio 43 ya maisha yanayobebesha mtu mzigo, kila moja na pointi zake, kufiwa na mwenza ndo juu kabisa na 100. Krismasi imo, ina 12. Likizo imo, 13. Kubadilika kwa mikusanyiko ya familia 15, kula 15, kulala 16, na ugomvi na wakwe 29! Wakwe wameizidi Krismasi zaidi ya mara mbili, nilivyoona nilicheka peke yangu. Hali ya pesa kubadilika 38. Sasa jumlisha ya kwako ya wiki hiyo moja, we mwenyewe umeandika hulali, pesa hamna na ndugu wanakuja. Hiyo ndo wiki unayotaka kuondoa dawa? Kama unataka kuacha, acha, wengi wanaacha salama, lakini kwa kupunguza pole pole na aliyekuandikia, kwenye mwezi wa kawaida usio na kitu, hata Machi.

Kanuni yangu ni moja na nimeiandika ndani ya mlango wa kabati: dawa haziendi likizo. Wiki hii, kabla watu hawajafunga ofisi, hesabu vidonge ulivyonavyo. Kama havivuki Mwaka Mpya nenda kachukue vingine sasa hivi, maana wengine wanaishiwa tarehe 27 kliniki imefungwa na wanaacha bila hata kupanga. Ukisafiri viweke kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaoweza kupotea. Weka alamu, kwa sababu sikukuu unaamka saa tano na unasahau kila kitu. Mtu akikuuliza mbona hunywi sema niko kwenye dozi, ukitaka sema ni ya meno.

Ya ndugu na maswali yao… jibu fupi afu nenda kasaidie jikoni, sijui. Ya zawadi wamekujibu hapo juu, sikusoma yote.

Ila hebu jibu hili: umeandika "nimeanza kuzipunguza punguza" au nimeelewa vibaya? Kama umesharuka tangu juzi usimeze mbili mbili kufidia. Piga simu kwa aliyekuandikia, au ongea na mfamasia, mtajie jina la dawa na siku ulizoruka akuambie unaanzia wapi. Na kama kuna wakati mawazo yanakwenda kwenye kujidhuru, hapo usisubiri simu wala uzi, nenda hospitali usiku huo huo na mtu. Afu njoo uandike hapa ni dawa gani, mi nipo mpaka usiku.