Sarafu yenye kosa au sarafu iliyochezewa? Majibu kwa wasomaji wa Tabora na Kigoma

Wiki hii karibu kila ujumbe ulikuja na picha ya sarafu. Nimechagua yale maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Mliotuma picha ya upande mmoja tu na kuuliza "inauzwa bei gani?", tumeni tena, pande zote mbili na ukingo wake.

Shikamoo mzee. Nina shilingi mia, imekatika kipande cha mviringo pembeni. Jamaa wa stendi kaniambia nimekalia mamilioni. Kweli? (Dereva wa bodaboda, Isevya)

Marahaba. Kosa la namna hiyo lipo kweli. Kiwandani visahani vya sarafu hukatwa kutoka kwenye bati refu la chuma. Bati lisiposogea sawasawa, kikatio hushuka juu ya tundu lililokwishakatwa, na kisahani kinatoka na pengo la mviringo. Kikipigwa chapa, pengo linabaki.

Kwanza tazama ukingo ulio mkabala na pengo. Kwenye kosa la kweli, ukingo huo mara nyingi umefifia, kwa sababu mashine inayoinua ukingo ilikosa cha kubana upande wa pili. Halafu tazama rangi ndani ya pengo. Shilingi mia yetu ni chuma kilichopakwa shaba ya njano, na hupakwa baada ya kukatwa. Kwa hiyo pengo la kiwandani nalo linapaswa kuwa la njano. Picha yako inaonyesha kijivu na kutu, tena ukingo wa mkabala umesimama imara. Hiyo ni kazi ya tupa. Inunulie maandazi.

Babu, bibi yangu ametuachia sarafu za heleri 20 (heleri ni senti za enzi za Mjerumani), zina herufi T. Moja ina mstari unaopita juu ya taji, nyingine maandishi yamefifia upande mmoja, na herufi L hazifanani. Je, zote zina makosa? (Mjukuu wa Ng'ambo, Tabora mjini)

Hili ndilo swali nililolifurahia, maana sarafu hizo ni za hapa hapa nyumbani. T ni Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli za Waingereza zilifunga pwani, na Wajerumani wakakosa sarafu za kuwalipa askari na wapagazi. Mwaka 1916 wakaanza kufua zao kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, nje kidogo ya mji: heleri 5 za shaba ya njano, heleri 20 za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Singida ya leo. Kazi ilikoma mwaka huo huo, kwani Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba.

Sasa fikiria mazingira yenyewe. Ile ilikuwa karakana ya vichwa vya treni, si kiwanda cha sarafu. Mihuri, yaani vyuma vya kupigia chapa sarafu, ilichongwa hapo hapo na ikachoka haraka, na shaba iliokotwa popote ilipopatikana, yakiwemo maganda ya risasi. Matokeo yake, mambo ambayo kwenye sarafu ya London yangeitwa kosa, kwenye heleri ya Tabora ndiyo kawaida. Maandishi kufifia upande mmoja ni jambo la kila siku, na mkusanyaji hakuongezei hata senti kwa hilo. Herufi L nazo si kosa. Mihuri ilikuwa mingi, mingine L zake zina ncha zilizopinda na mingine zimenyooka, na taji nalo lipo kubwa na dogo. Wakusanyaji wanazihesabu kama aina tofauti. Ukiwa nazo kadhaa, zipange kwa aina.

Ule mstari juu ya taji ndio wa kuchunguza. Pitisha ukucha juu yake taratibu. Ukikwama kwenye tuta dogo, maana yake mhuri ulipasuka na shaba ikaingia kwenye ufa wakati wa kupigwa. Hilo ni la kiwandani. Ukucha ukitumbukia kwenye mfereji, huo ni mkwaruzo tu, labda wa msumari au wa panga la mtu miaka mingi baadaye. Kwa picha uliyotuma, kivuli kinaangukia nje ya mstari, kwa hiyo nadhani ni tuta. Ni kitu kizuri, lakini heleri 20 zilifuliwa zaidi ya milioni moja, na nyufa za mihuri zimejaa humo. Thamani kubwa kwenu ni ya bibi.

Mzee, nimeambiwa rupia halisi ya tembo huvuta mchele. Mteja anataka nimtumie laki tatu za kuipima. (Urambo)

Usitume hata mia. Hakuna sarafu ya dhahabu, fedha wala shaba inayovuta mchele. Rupia 15 ya tembo halisi ina gramu 7.17 hivi, na dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000. Sonara mwenye mizani ya dijitali atakupimia uzito kwa dakika moja, wewe ukiwa umesimama pale pale. Zilifuliwa zaidi kidogo ya 16,000 tu, na za bandia ni nyingi sana, kwa hiyo uzito ukikubali bado hujamaliza. Ila ukikataa, umemaliza.

Kaka, nina shilingi moja ya 1966 yenye mwenge. Maandishi yanaonekana mara mbili. (Mwalimu, Nzega)

Mwalimu, chukua lenzi ya fundi saa. Mhuri uliochongwa mara mbili huacha herufi mbili kamili, zote za mviringo juu, na kwenye pembe za herufi utaona mpasuko mdogo zinapoachana. Hilo ni kosa linalotafutwa. Lakini kama herufi ya pili ni bapa kama ngazi, na herufi yenyewe imekonda, basi mhuri ulitikisika tu baada ya kupiga. Hiyo ni ya kawaida mno. Mimi kwa picha yako naona ngazi.

Shikamoo. Senti kumi ya mkoloni haina tundu katikati. Mimi nilidhani zote zilikuwa na tundu? (Mvuvi, Ujiji)

Marahaba. Senti tano na senti kumi za East Africa, zile za enzi za Mwingereza, zilikuwa na tundu, na lilitobolewa kabla ya chapa kupigwa. Zilizoponyoka bila tundu zipo, na hizo zina bei. Lakini watu walikuwa wakiziba tundu kwa madini ya risasi au kwa shaba. Ziangalie juani kwa lenzi: iliyozibwa ina duara jembamba katikati, na rangi ya ndani haifanani na ya nje. Kisha idondoshe juu ya meza ya mbao pamoja na nyingine yenye tundu. Iliyozibwa kwa risasi hutoa sauti nzito, iliyokufa. Tundu lililokaa upande kidogo, hilo usilihangaikie.

Nimezisugua zangu kwa ndimu na majivu, sasa zinang'aa. Bei imepanda? (Kigoma mjini)

Imeshuka, tena sana. Ngozi ile ya kahawia ndiyo mkusanyaji anayoilipia, na mikwaruzo ya majivu haifutiki. Zilizobaki usiziguse. Zifunge moja moja kwenye karatasi kavu, na usiziweke kwenye ile mifuko laini ya plastiki, maana baada ya muda huacha utando wa kijani wenye kunata.