Kifaa cha kupima kano za bega: shughulikia maumivu kabla ya sensa

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu kifaa cha kuchunguza kano za bega (nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa) huanza na sensa, yaani kihisi cha kupima nguvu: ipi ni bora, inaunganishwaje. Mimi huwauliza kwanza kuhusu maumivu. Mgonjwa anayeshindwa kuinua mkono huenda kano yake imechanika, au ni nzima ila inamuuma kiasi kwamba msuli unagoma. Ukipima nguvu peke yake, wawili hao wanaweza kukupa namba ileile.

Kano inayochanika mara nyingi zaidi begani ni ya supraspinatasi, msuli wa juu kati ya minne inayoshika kichwa cha mfupa wa mkono. Kuipima, mgonjwa huinua mkono hadi nyuzi 90, kidole gumba kikielekea chini, na mpimaji huukandamiza mkono. Hapo usihifadhi namba ya juu tu. Hifadhi grafu nzima ya nguvu. Katika grafu nilizozipitia, anayeumwa mara nyingi huanza na nguvu kisha huachia ghafla. Mwenye mchaniko mkubwa huwa dhaifu tangu mwanzo. Si kanuni, wapo wenye yote mawili. Ndiyo maana napenda mgonjwa ashike kitufe kwa mkono wa pili, akibonyeze pale tu maumivu yanapoanza. Ni kitu rahisi mno, na alama yake juu ya grafu humwambia daktari mengi.

Kamba ya sensa nayo ina mambo yake. Ukiifunga kwenye kifundo cha mkono badala ya juu ya kiwiko, namba inabadilika ingawa bega ni lilelile. Pima umbali kutoka kwenye kiungo, uandike majibu kwa nyutoni-mita, yaani nguvu mara umbali huo. Tena, mtu dhaifu hupandisha bega au huegemeza kiwiliwili bila kujua, kwa hiyo weka sensa nyingine ya mwendo kifuani.

Kulinganisha na bega la pili kunasaidia, ila kwa wazee kuwa mwangalifu: mchaniko usiouma ni jambo la kawaida kwao, na bega unalolitegemea kama kipimo huenda nalo limechanika.

Ukifika hatua ya kuthibitisha kifaa, usilinganishe vijana wanamichezo wenye afya na wagonjwa waliochanika vibaya. Majibu yatapendeza, lakini kliniki haiko hivyo. Ingiza wenye bega lililoganda na wenye shida ya mishipa ya fahamu ya shingoni. Anayesoma picha za altrasaundi au MRI asijue kifaa kimesema nini, na anayeshika altrasaundi awe mzoefu, kwa sababu mawimbi yasipoipiga kano wima, hata kano isiyo na tatizo huonekana nyeusi kama imechanika.