Usisaini pango la duka la chambo kwa sababu ya leseni za 2020

Mkuu, usisaini. Umeandika kwamba leseni za uvuvi wa kujiburudisha hapa Minnesota zilipaa 2020, kwa hiyo unataka kumwaga akiba yako kwenye duka la chambo kando ya ziwa. Ukauliza kaunti ipi inafaa, bima gani, na kama shemeji yako awe mbia. Shemeji na asubiri. Mimi nilisaini pango la miaka mitano mwaka 2021 kwa hoja hiyo hiyo, na kujitoa kulinigharimu dola 46,000.

Wakala aliyenitafutia fremu alikuja na mchoro: miaka ya nyuma mstari umelala, 2020 umesimama kama mnazi. "Hawa wote mwakani watataka chambo." Hakusema neno juu ya kilichousimamisha! Korona ilikuwa imeingia: sinema zimefungwa, baa zimefungwa, na amri ya gavana ya kukaa nyumbani iliruhusu watu kwenda kuvua. Maelfu walikata leseni kwa kukosa pa kwenda. Mambo yalipofunguliwa wakarudi kwenye mpira na harusi zao. Kwa Marekani nzima, waliovua walikuwa milioni 50.1 mwaka 2019, wakafika milioni 54.7 mwaka 2020, wakashuka hadi milioni 52.4 mwaka 2021. Wakala alishachukua kamisheni yake. Mimi nilibaki na matangi ya visamaki hai na ruba wanaokufa. Msimu wa walleye, samaki anayepapatikiwa sana hapa, ulipofunguliwa Mei nilipata wikendi mbili za maana, kisha kila Jumatatu namwaga ndoo. Ruba akifa hauziki hata kwa mkopo. Na asije mtu hapa kusema sikuuliza. Niliuliza, nikajibiwa kwa mchoro.

Usinitajie pia wale milioni 57.7 wa 2023. Hiyo ni hesabu ya kila mtu wa miaka 6 na zaidi aliyevua hata mara moja, na hapa mkazi aliye chini ya miaka 16 hahitaji leseni. Baba mmoja, watoto watatu, kikopo kimoja cha nyungunyungu.

Jedwali la serikali kuu la leseni za uvuvi lina safu mbili, na wakala wangu alinisomea ile nono. Moja ni watu waliolipia leseni. Nyingine ni jumla ya leseni, vibali na stempu: aliyekata leseni akaongeza stempu ya trauti (kibali cha ziada cha kuvua samaki huyo) ni mtu mmoja kwenye safu ya kwanza, karatasi mbili kwenye ya pili. Halafu mwenye leseni ya Minnesota na ya jimbo jirani la Wisconsin anahesabiwa kote kuwili. Nilipanga mzigo wa duka kwa karatasi, mkuu, na karatasi hazinunui chambo.

Namba unayoitaka ni moja: kati ya waliokata leseni mwaka jana, wangapi wamekata tena mwaka huu? Mvuvi anayerudi kila mwaka ndiye atakayekulipia pango la Januari. Mwaka wa leseni hapa unaanza Machi 1, kwa hiyo waombe idara ya maliasili ya jimbo hesabu ya waliorudia kwa miaka mitano mfululizo, wakazi peke yao na wageni peke yao. Mwenye fremu akikwambia kuna mwingine anaisubiri, mwache aichukue. Ukishaipata hesabu hiyo ibandike hapa hapa kabla hujashika kalamu, tuisome pamoja.