Kabla hujaanza kurekodi kuku wakidonoa, soma hapa kwanza

Wadogo zangu naona mwaka huu wengi mnataka projekti za kusikiliza kuku kwa maiki ili kujua wanakula kiasi gani. Ni kitu kizuri maana mfugaji yeyote wa broila hapa Dar atakwambia chakula ndio kinammaliza, ila mi nimepoteza miezi miwili kwa ujinga wangu mwenyewe, kwa iyo bora niseme.

Wazo lenyewe halina mambo mengi. Kuku akidonoa mdomo unagonga chombo, ule mlio ni mfupi sana, unauhesabu. Watafiti wa Leuven kule Ubelgiji walishaonyesha mwaka 2014 kwamba unaweza kukadiria chakula kinacholiwa kwa sauti ya kudonoa tu.

Sasa mi siku ya kwanza nimeenda Chanika kwenye banda la mama mmoja, nikatundika maiki juu kwenye mbao ya paa, nikajiona fundi. Nimerudi home kusikiliza ni feni, kelele za kuku, na singeli ya jirani, mdonoo hata mmoja husikii. Yule mama aliniangalia akacheka, "mwanangu, wao wanakula chini, wewe sikio umeliweka juu?" Nikaenda Kariakoo nikachukua vile visahani vya piezo, bei yake ni ndogo tu, nikabandika kwa gundi chini ya chombo cha chakula. Piezo inashika mtikisiko wa chombo, sauti za hewani haizijali sana. Hapo ndo nikaanza kusikia tk tk tk, na kuku akiparua unasikia khrrr, tofauti kabisa. Vaa hedifoni ukae bandani hata siku mbili unasikiliza tu, kodi za programu utaandika baadae.

Gein, yani kiwango cha kukuza sauti kwenye kirekodi, iweke chini. Sauti ikishagonga juu na kukatika hairekebishiki. Umeme wetu ni wa 50 Hz kwa iyo utakutana na mngurumo hapo na kwenye 100 na 150, kata masafa ya chini mapema. Alafu hesabu nafasi ya kuhifadhia: ukirekodi kwa 44.1 kHz (sampuli 44,100 za sauti kila sekunde), biti 16, mono yani chaneli moja, ni kama MB 317 kwa saa, siku nzima GB 7 na ushee, mi memori kadi ya GB 32 ilijaa baada ya siku nne hivi niko kwenye foleni Gongo la Mboto sina habari. Ukirekodi kwa 16 kHz inashuka hadi MB 115 hivi kwa saa, jaribu kama inakutosha.

Kuleboli, yani kuweka alama wapi kuku amedonoa kwenye sauti, weka simu irekodi video juu ya chombo na upige kofi moja mwanzoni ili video na sauti vilingane, bila hivyo utalia. Na mizani usiiache, pima chakula kabla na baada, weka na trei chini kukamata kinachomwagika maana kuku anadonoa sana kuliko anavyomeza.

Kosa langu kubwa lakini ni hili. Nilichanganya vipande vya siku zilezile, vingine vya kufundishia modeli, yani programu inayojifunza kutambua mdonoo, na vingine vya kuipima, matokeo yakawa mazuri mno. Kuja masika, saa nane usiku taa zimezimwa kuku wote wamelala, modeli inaniambia wanakula kama wana harusi. Kumbe chombo kimening'inizwa kwa waya kutoka kwenye paa, mvua inapiga bati, mtikisiko unashuka na waya. Tenganisha data kwa siku, tena ukiweza kwa banda, na ujaribu chombo cha plastiki na cha bati maana havilii sawa.

Na msiruke banda kwa banda na viatu vilevile, ugonjwa wa kideri ukiingia utalaumiwa wewe, na ni haki yao.

Kuna siku saa saba mchana hesabu ilishuka ghafla, nikampigia mama mbio mbio nikijua kuku wanaumwa. Akaniambia "joto hilo mwanangu, wamekaa wanahema mabawa wazi, subiri jioni." Jioni tk tk zikarudi kibao. Toka siku ile saa saba ya leo nailinganisha na saa saba ya jana, sio na asubuhi.