Uji wa asubuhi utawasaidia masomoni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Shule ya wanangu inataka tuchange shilingi 20 kwa siku, watoto wanywe uji kabla ya darasa. Nitajuaje kama unawasaidia masomoni? Mama wa wawili, Kayole.

JIBU: Marahaba, mama. Nimefundisha darasa la pili miaka mingi huko Eastleigh, na mtoto mwenye njaa namjua kwa macho. Lakini macho yangu si kipimo. Uingereza walilipima jambo hili: shule 106 za msingi zenye watoto wengi wa familia maskini ziligawanywa kwa kura, baadhi zikaanza kutoa kiamshakinywa bure, nyingine zikangoja. Matokeo yalitoka 2016. Watoto wa miaka sita na saba katika shule zilizolisha walikuwa mbele kwa takriban miezi miwili ya masomo. Kura ndiyo ilinipa imani. Bila hiyo, huenda shule zenye mwalimu mkuu hodari ndizo zingejitokeza kulisha, na chakula kingesifiwa kwa kazi yake.

Nyinyi mna shule moja tu. Basi mwombeni mwalimu mkuu aandike sasa, kabla ya sufuria ya kwanza, mahudhurio, wanaochelewa na alama za kusoma. Muhula ukiisha, linganisheni. Na tafadhali, mtoto ambaye mzazi hana hiyo 20 anywe pia.