Ukitaka mtaro wa mtaa wako ufike Dodoma

Swali lililo rahisi kuzimwa bungeni ni lile linaloanza na "Je, Serikali ina mpango gani". Jibu lake linajulikana kabla mbunge hajaketi: Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo na itaendelea kutenga fedha kwa awamu, kadiri zitakavyopatikana. Mbunge ameuliza, waziri amejibu, mtaro bado umeziba kwa taka, na masika yakianza kipindupindu kinabisha hodi tena. Lawama si za mbunge peke yake. Sisi wakazi tulimpelekea malalamiko, hatukumpelekea taarifa.

Anza kwa kujua jambo lako ni la nani, maana hapa ndipo maombi mengi hupotea. Zahanati na kituo cha afya cha kata viko chini ya halmashauri, kwa hiyo swali linakwenda TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hapa Dar es Salaam, Amana, Mwananyamala na Temeke ni hospitali za rufaa za mkoa, nazo ziko Wizara ya Afya, kama Muhimbili. Barabara ya mtaa na mtaro wake ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, yaani TAMISEMI tena. Barabara kuu na mitaro yake ni TANROADS, wakala wa barabara chini ya Wizara ya Ujenzi. Maji machafu yanayofumuka kwenye chemba ni ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji, na Wizara ya Maji. Gari la zimamoto ni la Mambo ya Ndani. Ukimpa mbunge barua inayochanganya yote haya, hataweza kuuliza hata moja vizuri. Jambo moja, wizara moja, karatasi moja. Na kama unaishi Kivule au Chamazi, kumbuka majimbo hayo yalianzishwa 2025. Usiendelee kuandika barua kwa mbunge wa Ukonga au Mbagala kwa mazoea.

Hiyo karatasi moja iwe na vipimo. Tuseme ni mtaro. Pima urefu kwa hatua kama huna futi kamba, taja unapoanzia na unapoishia, hesabu nyumba zinazoingiwa na maji. Mwombe afisa afya wa kata idadi ya wagonjwa wa kuhara kwa mwezi, miezi mitatu ya mvua na miezi mitatu ya kiangazi, bila majina ya wagonjwa. Weka nakala ya barua mlizokwisha kuandika, na kila nakala iwe na muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa. Ofisi itasema haijawahi kuiona, na mbunge atabaki ameduwaa mbele ya wenzake.

Kisha tafuta kitu ambacho wakazi wengi hawakiulizi kwa diwani wao: fedha zilizotengwa ni kiasi gani, na zilizotolewa ni kiasi gani. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Mradi unaweza kuonekana kwenye kitabu cha bajeti mwaka hadi mwaka bila hata shilingi moja kuingia kwenye akaunti. Kwa hiyo badala ya "Je, Serikali ina mpango gani wa kujenga mtaro?", mwandalie mbunge swali hili:

"Je, kati ya fedha zilizotengwa mwaka huu wa fedha kwa ajili ya mtaro wenye urefu wa mita 400 katika mtaa huu, ni kiasi gani kimekwishatolewa, na mkandarasi ataanza kazi mwezi gani?"

Hapo waziri anadaiwa tarakimu na mwezi. Akikwepa, ukwepaji wenyewe unasikika.

Muulizaji hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo mchezo unapoamuliwa. Mpe mbunge yote mawili mapema. La kwanza libane pale jibu linapoweza kulegea. La pili liwe lile la "Je, Waziri yupo tayari kufuatana nami kwenda kuona hali halisi?" Linaonekana la heshima tu, lakini waziri akisema yupo tayari, kauli hiyo imeingia kwenye Hansard, yaani Taarifa Rasmi ya Bunge.

Wakati nao una maana kubwa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni. Ukimfuata mbunge mwezi Mei, bajeti imeshaandikwa. Tena Katiba, ibara ya 99, haimruhusu mbunge kupeleka hoja ya kuongeza matumizi ya Serikali. Anachoweza ni kubana, kuhoji, na kwenye Kamati ya Matumizi, Bunge linapopitia bajeti ya wizara fungu kwa fungu, kukamata shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kukataa kuupitisha, hadi apate maelezo. Kwa hiyo jambo lianzie kwenye mkutano wa mtaa mwishoni mwa mwaka, lipite kata na halmashauri. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani. Mkamate huko kabla hajaenda Dodoma.

Kwenye usalama wa majengo kuna mtego mmoja. Ghorofa lilianguka katikati ya jiji Machi 2013, na jingine Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Kesi ya ajali kama hizo ikiwa mahakamani, bungeni haijadiliwi, na swali lako litarudishwa. Acha jengo lililoanguka, ulizia yaliyosimama. Mangapi yamekaguliwa, mangapi yamewekewa zuio, na nani anahakikisha zuio linaheshimiwa?

Wengine watasema mikataba ya afya ya dunia ni mambo ya Geneva. Jiji lenye bandari na uwanja wa ndege kama hili haliwezi kusema hivyo. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, nchi ikishatathmini tukio linaloweza kuwa tishio la kimataifa ina saa 24 kulitaarifu Shirika la Afya Duniani. Mei 2025 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha Mkataba wa majanga ya milipuko, na kiambatisho cha kugawana vimelea vya magonjwa na faida zake, kama chanjo, kikaachwa kijadiliwe baadaye. Tanzania ilitangaza mlipuko wa homa ya virusi vya Marburg Kagera mwaka 2023 na tena 2025, kwa hiyo sampuli zetu ni suala halisi. Kwa ibara ya 63 ya Katiba, Bunge ndilo linaloridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Muulize mbunge wako sasa: tukitoa sampuli, chanjo zitatufikia kwa masharti gani?

Jibu likishatolewa, pakua Taarifa Rasmi ya kikao hicho kwenye tovuti ya Bunge, chapisha ukurasa husika, bandika nakala moja ofisi ya serikali ya mtaa na umpe diwani nakala nyingine. Mwezi ulioahidiwa ukipita bila mkandarasi, peleka picha ya mtaro yenye tarehe kwa mbunge, pamoja na ukurasa ule ule.