Mtungi Wangu wa Kuzimia Moto Ulivyoniaibisha Jikoni

Msomaji mmoja ameniuliza wiki hii anunue mtungi gani wa kuzimia moto kwa nyumba yake mpya, na swali lake limenirudisha kwenye jioni moja ya Ramadhani ambayo majirani zangu wa Tabata wanaisimulia kwa kicheko hadi leo.

Mafuta ya sambusa yalishika moto kwenye karai. Mimi, niliyekuwa nikimwonyesha kila mgeni mtungi wangu ukutani, niliuteremsha, nikachomoa pini na kuminya. Ulikuwa wa kilo 2 wa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambao muuzaji aliusifia kwamba hauachi uchafu, nami sikumwuliza lolote zaidi. Gesi ilifoka kwa nguvu, ikayarusha mafuta yanayowaka hadi kwenye pazia. Aliyetuokoa ni mama jirani: alifunga gesi ya jiko, akalifunika karai kwa sinia, ndipo mwanawe akalimwagia pazia maji.

Kwenye lebo paliandikwa 34B, maandishi niliyodhani ni namba ya kiwandani. Herufi hutaja aina ya moto: A ni vitu vikavu kama mbao, nguo na karatasi; B ni vimiminika kama petroli; C ni gesi. Namba hupima uwezo, na 34B maana yake ni kwamba mtungi ulifaulu kuzima tangi la majaribio lenye lita 34. Mafuta ya kupikia yametengwa katika kundi lake, F, kwa sababu huwa ya moto mno kiasi cha kuwaka tena yenyewe. Mtungi wake, wa kemikali ya majimaji, huyapoza na kuyafunika kwa utando kama sabuni. Mitungi yenye lebo za Kimarekani hutumia K kwa jikoni na C kwa umeme, kwa hiyo soma maelezo, usiikariri herufi.

Ndugu zangu wenye familia, acheni kununua rangi nyekundu! Someni lebo kabla ya kulipa, na mtungi unaorusha unga mkague mshale wake wa presha kama uko kwenye kijani. Ule wa kaboni hauna mshale, hupimwa kwa mizani.

Wangu wa sasa ni wa unga, kwa moto usio wa mafuta ya kupikia, nao unaning'inia kando ya mlango wa kutokea, mbali na jiko. Mama jirani nilimnunulia sinia jipya. Lile lililoungua nimelibakiza jikoni kwangu.